Mheshimiwa, muulize waziri kamyo zinamwaga wapi

Mhariri,

Tunalijua swali la aina hii, na tunalijua jibu lake. Mbunge wa jimbo anasimama, anasema harufu katika Kenya na Katuba, komuni za mji wetu, imezidi, kanivo (mifereji ya kando ya barabara) zimeziba, kolera inakuja na mvua, anamwomba waziri aeleze serikali imepanga nini. Waziri anashukuru kwa swali zuri, anasema tatizo linajulikana, mipango ipo, wafadhili wanatafutwa. Kesho yake redio inatangaza kwamba waziri amehojiwa. Wiki inayofuata kanivo iko vilevile.

Sisi tunaoandika ni mafundi wa fosi septiki (matangi ya choo ya chini ya ardhi), wa mabomba na wa kupima maji, hapa Lubumbashi. Hatuna ugomvi na mbunge wala waziri yeyote. Tunachosema ni kwamba swali la maji machafu lisilotaja mahali, kipimo na tarehe linamfungulia waziri mlango wa kutokea. Mbunge anayetaka jibu aulize vitu vinavyohesabika, na katika kazi yetu vinavyohesabika ni vingi.

Aanze na kamyo za vidanje, yaani malori ya kunyonya vyoo.

Sehemu kubwa ya mji huu haina bomba la kupeleka kinyesi popote. Kinachotoka msalani kinaingia kwenye shimo au kwenye fosi ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba) ileile, na hapo kinakaa mpaka pajae. Kwa hesabu ya kawaida ya kazi, mtu mmoja anaacha tope la lita 40 hivi kwa mwaka, maji yakishajichuja na sehemu ya uchafu ikishaoza. Hesabu hiyo inapanda au kushuka kufuatana na yale ambayo watu wanayatupa shimoni, lakini kwa kupanga kazi inatosha. Lubumbashi ina watu zaidi ya milioni 2. Chukua milioni 2 tu: tope linakuwa mita za ujazo 80,000 kwa mwaka. Kamyo ya kunyonya yenye tangi la mita za ujazo 8 itahitaji safari 10,000. Gawa kwa siku za mwaka, unapata safari 27 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Safari hizo 27 zinaonekana wapi? Kamyo moja, ukihesabu msongamano barabarani, kutandika mpira, kunyonya, kwenda kumwaga na kurudi, inafanya safari tatu kwa siku, nne ikibahatika. Basi mji unahitaji kamyo 9 hivi zinazotembea kila siku bila kuharibika, na mahali halali pa kumwagia. Swali kwa waziri wa Mazingira wa jimbo linaenea kwenye mistari mitatu: kamyo ngapi zina ruhusa ya kunyonya vyoo Lubumbashi; kila moja ilimwaga mita ngapi za ujazo mwezi uliopita; zilimwaga wapi, kwa jina la mahali. Akisema hana daftari, hilo nalo ni jibu, na liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Akisema kamyo ni tatu, mbunge amuulize tope la kamyo sita zilizobaki linakwenda wapi, maana watu hawajaacha kwenda msalani.

Waziri asije akajibu kwamba tatizo ni wananchi kukataa kulipa. Kazi yenyewe ina ugumu wake. Tope la shimo kavu ni zito kama bukari (ugali) iliyopoa, na pampu haivuti bukari. Fundi anamwaga maji kwanza, lita 500 au hata 1,000, anakoroga kwa mti mrefu, ndipo anashusha mpira. Shimo lenye kina cha zaidi ya mita 3 hivi linazishinda pampu nyingi, kwa sababu kunyonya kuna mpaka wake na tope zito linaukaribia haraka. Kinachopanda juu ni maji maji. Chini kunabaki mchanga, chupa, matambara na pampasi za watoto. Mwenye nyumba amelipia tangi zima, lakini shimo limepungua nusu tu, na baada ya miezi michache anapiga simu tena. Mara ya tatu hapigi. Anawaita vijana wa ndoo na beleshi wanaofanya kazi usiku, na wao wanachimba shimo lingine palepale uani na kulihamishia tope humo. Penye vichochoro ambapo mpira wa mita 40 haufiki, hao vijana ndio huduma pekee iliyopo. Hawana glavu wala buti, na hakuna sehemu ya bajeti inayowataja. Mbunge anaweza kuuliza juu yao pia: serikali inawatambua au inawafukuza? Ikiwafukuza bila kuleta pampu ndogo ya mkono inayopita kichochoroni, tope litabaki lilipo.

Na mahali pa kumwagia. Mtu akisikia kiwanda cha kusafisha tope la vyoo anafikiria mitambo ya mamilioni ya dola. Kwa mji wenye kiangazi kirefu kama wetu, kuanzia Mei hadi Oktoba, kuna vitanda vya kukaushia: zege chini, juu yake kokoto kubwa, kisha kokoto ndogo, kisha mchanga uliooshwa wa sentimita 20 hadi 30, na bomba lenye matundu chini ya vyote. Tope linamwagwa kwa unene wa sentimita 20 au 30. Maji yanashuka, jua linamalizia, na baada ya wiki mbili au tatu kiangazi linakatwa kwa beleshi. Ukikadiria kilo 20 za kitu kikavu katika kila mita ya ujazo, yale mita 80,000 yanatoa kilo 1,600,000 kwa mwaka. Na kitanda kikipokea kilo 150 kwa mita ya mraba kwa mwaka, unahitaji mita za mraba 10,700 hivi, yaani hekta moja na ushee. Masika yanaharibu hesabu hiyo, kwa sababu kitanda kisicho na paa kinapokea mvua kuliko kinavyokauka, kwa hiyo zidisha mara mbili, ongeza mabwawa ya kupokea maji yanayochujika na njia ya kamyo kugeuzia. Hekta tatu au nne, basi. Mashimo ya mchanga yaliyoachwa wazi pembezoni mwa mji yanafika ukubwa huo. Swali: waziri wa Ardhi na mwenzake wa Mazingira wametenga kiwanja hicho, ndiyo au hapana? Kikitengwa, kiwe chini ya mwinuko wa visima vya watu, si juu yake. Na lile tope lililokauka lisiuzwe moja kwa moja kwa wakulima kama mbolea: mayai ya minyoo yanavumilia ukavu kwa miezi mingi, lirundikwe na kusubiri, mwaka mmoja ni afadhali.

Sasa fosi septiki. Hapa hata wabunge wanadanganyika, kwa sababu mwenye fosi anaonekana msafi kuliko mwenye shimo.

Fosi iliyojengwa sawasawa ina vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya ujazo wote, cha pili theluthi moja. Kwa nyumba ya watu 10, mita za ujazo 3 ni pa kuanzia. Maji yanaingia, yanatulia siku moja au mbili, kizito kinazama, mafuta na povu vinaelea, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba lenye umbo la T ambalo mguu wake unazama sentimita 30 hadi 40, ili povu lisivuke. Tope likifika theluthi ya kina, linyonywe. Kipimo chake ni fimbo ndefu iliyozungushiwa taulo jeupe: unaishusha mpaka chini, unangoja dakika chache, unaipandisha, unasoma weusi umefika wapi.

Yanayoharibika tunayajua kwa majina. T inaziba, fundi anaing'oa ili maji yapite, hairudishi, na povu lote linahamia kwenye shimo la kunyonyea, ambamo maji ya fosi yanazama udongoni, na kuliziba ndani ya msimu mmoja. Ukuta wa kati unajengwa kwa tofali bila lipu, vyumba viwili vinakuwa kimoja. Mabaya kuliko yote ni sakafu: mwashi anaacha udongo mtupu chini ili fosi isijae haraka, mwenye nyumba anamsifu kwa ufundi, na jirani mwenye kisima anakunywa matokeo. Ukisikia mtu anajivuna kwamba fosi yake haijanyonywa kwa miaka 15, mhurumie jirani yake.

Tena hata fosi nzuri haiui vijidudu. Inazuia nusu ya uchafu hivi, kidogo zaidi au pungufu. Maji yanayotoka bado yamejaa vya kuleta kolera na homa ya matumbo, na kazi ya kuyamaliza imeachiwa udongo. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi unanyonya polepole, na masika yakikolea maji ya ardhini yanapanda hadi karibu na mguu wa shimo. Shimo la kunyonyea linakataa. Mwenye nyumba afanye nini?

Anafanya hivi. Pita kando ya kanivo yoyote kubwa wakati wa jua, angalia kuta za parseli sentimita chache juu ya ukingo. Utaona bomba la PVC la milimita 110 limechomoza kidogo, mdomo wake umezibwa kwa chupa ya plastiki iliyoviringishwa kitambaa na kukazwa kwa mpira wa baisikeli. Chini yake ukutani kuna mchirizi mweusi wenye kingo za kijani, na inzi wasiopungua. Mvua kubwa ikianza, kizibo kinachomolewa. Baada ya dakika 20 kinarudishwa. Mvua ikikatika kanivo inang'aa kama imesuguliwa, na yaliyokuwa kwenye fosi yako njiani kuelekea mto Lubumbashi, na mto Lubumbashi unayapeleka Kafubu, na Kafubu inayapeleka Luapula. Watu wa huko hawakuuliza lolote.

Kwa waziri wa Miundombinu, basi: katika kanivo kubwa za mji, ni kilomita ngapi zimekaguliwa kwa miguu, wakati wa kiangazi, mabomba yakihesabiwa moja moja? Mangapi yalizibwa kwa saruji? Na mwenye bomba lililozibwa aliambiwa aite kamyo gani? Bila hilo la mwisho, hayo mawili ya kwanza ni kumhamishia maji machafu uani kwake, na kabla ya masika kwisha saruji itakuwa imevunjwa.

Kuhusu visima tutasema kwa ufupi, kwa sababu jedwali linajulikana na halitekelezeki. Mafundi wanaambiwa kisima kikae mita 30 kutoka shimo la choo, angalau 15 hali ikibana, na chini ya shimo pabaki mita 2 kabla ya kukuta maji. Chukua parseli ya mita 15 kwa 20. Pima kona kwa kona: mita 25. Hakuna mahali ndani ya parseli hiyo ambapo mita 30 zinapatikana, na bado hujahesabu choo cha jirani nyuma ya ukuta. Kwenye mawe ya chokaa na dolomia, ambayo kusini mwa Katanga ni mengi, hata mita 30 hazina maana: mawe hayo yana nyufa, maji yanakimbia ndani yake bila kuchujwa. Kwa hiyo waziri wa Afya akijibu kwamba wananchi wahamasishwe kuheshimu umbali, mbunge amsomee hesabu ya kona kwa kona. Maswali yanayofaa ni mengine: ni robine (bomba za kuchotea maji) ngapi za Regideso, shirika la maji la serikali, zitafunguliwa katika mitaa yenye visima vingi, na kabla hazijafika, nani anagawa klorini. Mililita 4 za klorini ya asilimia 1 kwa bidon (dumu) ya lita 20 ikiwa maji ni meupe, mililita 8 yakiwa na ukungu, subiri nusu saa. Klorini inayobaki ndani ya maji iwe karibu miligramu 0.5 kwa lita. Bei yake haiwezi kuishinda bajeti ya jimbo lenye kobalti.

Tukiwa kwenye Regideso: mradi wa maji ya kunywa wa mijini uliogharamiwa na Benki ya Dunia, PEMU, uliijumuisha Lubumbashi pamoja na Kinshasa na Matadi. Ulileta maji. Lakini asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu, na Regideso kazi yake inakoma kwenye robine. Kila mtaa unapopata maji mengi zaidi, fosi zake zinajaa mapema zaidi. Mbunge anayepokea mradi wa maji kwa vigelegele aulize siku hiyohiyo maji hayo yatatokea wapi.

Sasa lile la madini, ambalo ndilo kichaka cha kujificha. Novemba 2025, maji ya kiwanda kimoja cha madini yalipofurika mitaani katika komuni Annexe, waziri wa Madini wa serikali kuu alisimamisha shughuli za kampuni hiyo. Sawa. Maji ya aina hiyo yanakuja kwa siku moja, kila mtu anapiga picha. Maji ya vyoo yanakuja kila siku kidogo kidogo, hayana mwenyewe, na likiulizwa swali la mto kuchafuka, wa Mazingira anamtazama wa Madini na wa Madini anawatazama wananchi. Kuna namna ya kuwatenganisha, na inaingia katika chupa moja.

Maji ya madini yanajulikana kwa salfeti nyingi, shaba, kobalti, na umeme kupita ndani yake kwa urahisi. Mara nyingine yana ukali wa asidi. Maji ya vyoo yanajulikana kwa amonia, oksijeni kupungua, na bakteria E. coli. Angalia hapo kwenye amonia: baruti za machimboni zina amonia na naitreti, kwa hiyo kampuni au serikali inaweza kubishana juu yake mpaka jioni. E. coli haitoki kwenye baruti. Inatoka tumboni mwa mtu au mnyama. Mbunge akiomba kipimo kimoja tu, aombe hicho.

Na aseme kinachukuliwa vipi, la sivyo ataletewa karatasi nzuri isiyo na maana. Chupa safi iliyochemshwa maabara, ya mililita 500, isisuuzwe mtoni. Mchukuaji asimame akielekea maji yanakotoka, azamishe chupa sentimita 20 au 30 chini ya uso, aache nafasi ndogo ya hewa, afunike, aandike saa na mahali, aweke ndani ya sanduku la barafu. Maabara ipokee ndani ya saa 6. Saa 24 ndio mwisho. Pa kuchukulia: juu kabla mto haujaingia mjini, baada ya kila kijito kikubwa kuungana nao, na chini kabla ya Kafubu. Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Katikati ya Oktoba mto umekonda, maji ya vyoo ni yaleyale, kwa hiyo uchafu uko wazi. Mvua ya kwanza ya Novemba inasukuma yote yaliyolala kwenye kanivo tangu Mei. Februari mto umejaa, kila kitu kimezimuliwa. Tungekuwa mawaziri, tungepima Februari.

Matokeo yasomwe na kitu cha kulinganishia. Maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka E. coli sifuri katika mililita 100. Kwa kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, mwaka 1989 shirika hilo liliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100. Tangu 2006 linaangalia njia nzima kuanzia shambani hadi sahanini. Maji ya vyoo yasiyosafishwa yana mamilioni. Wakulima wanaomwagilia kando ya vijito vya mji wanalisha soko zima. Lengalenga na matembele vinachemshwa. Saladi na nyanya za mgahawa hazichemshwi, na mkono wa mama anayefunga mafungu sokoni hauchemshwi pia.

Mbunge ana zana gani? Katiba ya 2006 na sheria ya majimbo ya tarehe 31 Julai 2008 zinampa swali la mdomo au la maandishi, swali la tukio la sasa, interpelasyo (kumwita waziri ajieleze mbele ya bunge), kamati ya uchunguzi, na kuwaita wahusika mbele ya kamati. Wengi wanakimbilia swali la mdomo kwa sababu lina kamera. Kwa maji machafu hilo ni la pili. La kwanza ni la maandishi, maana takwimu za kamyo na kanivo waziri hawezi kuzijua kichwani, na akiulizwa kwa mdomo ana haki ya kusema atafuatilia. Akishajibu kwa maandishi, mbunge anasimama na karatasi ya waziri mwenyewe mkononi. Interpelasyo ibaki mwisho, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuzaa hoja ya kutokuwa na imani, na waziri anayeogopa kiti chake hafungui daftari, analificha.

Wataruka kutoka mmoja hadi mwingine, hilo lazima. Serikali ya jimbo haiwezi kuzidi mawaziri 10, na maji machafu yanagusa nusu yao. OVD, ofisi ya barabara na mifereji, na Regideso ni za serikali kuu. Sheria ya 2008 ya mamlaka za chini inautaja mji na komuni katika kutunza mifereji na mabomba ya maji machafu. Kwa hiyo kamati iwaite siku moja, meza moja: mawaziri husika, mkurugenzi wa OVD wa jimbo, wa Regideso, meya na wakuu wa komuni. Mtu akisema si kazi yake, mwenye kazi awe ameketi kiti cha pili.

Wabunge wetu wanaopenda kutaja Ulaya watazame Uingereza, si kwa sababu mito yake ni safi. Wabunge na wakazi walilalamika miaka mingi kwamba makampuni ya maji yanamwaga vyoo mtoni, na mawaziri walijibu kama wetu. Kilichobadilisha mazungumzo ni kifaa cha kuhesabu. Kufikia mwisho wa 2023 kila mlango wa kumwagia maji machafu wakati wa mvua katika England ulikuwa na chombo cha kurekodi, na hesabu ya mwaka huo ikatoka: mara 464,056, kwa jumla ya saa milioni 3.6. Chombo hicho kina kasoro, kinahesabu saa wala si lita, na wabunge wao wakaigeuza kasoro hiyo kuwa swali jingine. Sisi hatuhitaji chombo. Daftari la kamyo lenye nambari ya gari, tarehe, mita za ujazo, mahali pa kumwaga na sahihi ya mlinzi wa kiwanja linatosha kuanza.

Fedha: Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya chini yenye machimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ruashi ni komuni yenye machimbo. Swali la mwaka huu kwa waziri wa Fedha wa jimbo, na kwa wakuu wa komuni kama hizo, liwe na safu mbili tu: kiasi kilichoingia kutoka mrabaha, na kiasi kilichokwenda kwenye kanivo, vyoo vya masoko na vya shule. Safu ya pili ikiwa na sifuri, iandikwe sifuri.

Wasiokuwa wabunge nao wana njia. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au na wenzake, na mamlaka yajibu ndani ya miezi mitatu. Wakazi wa avenyu moja wakihesabu mabomba yanayoingia kanivo yao, wakaandika idadi na tarehe, wakaweka sahihi, wakachukua muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yao, hiyo ni karatasi ambayo mbunge anaweza kuinukuu. Nakala yenye muhuri itunzwe, kwa sababu miezi mitatu inahesabiwa kuanzia hapo.

Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Swali la maandishi juu ya kamyo na kiwanja lipelekwe mwezi wa nane, ili jibu liwe mezani kabla mistari ya bajeti haijafungwa, na chupa za Oktoba zifike maabara wakati wabunge bado wako mjini.

Mafundi wa fosi, mabomba na upimaji wa maji,
Lubumbashi